Viungo vya Mimea na Kazi Zake: Mifano ya Mashamba ya Chiola

Kila lugha huugawanya mmea kwa namna yake. Mtu wa pwani, aishiye kwa mnazi, analo jina la kila rika la tunda lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, wala jani lake haliiti jani tu, bali huliita kuti. Mtu wa bara, aishiye kwa mtama na mahindi, hana haja kubwa ya maneno hayo, lakini anayo suke, bua, gunzi na pumba. Majina hufuata matumizi: kitumiwacho hupata jina, kisichotumiwa hukosa.

Wenye elimu ya mimea hufuata njia nyingine. Hawaulizi, "Kiungo hiki chamfaa mtu kwa nini?" bali huuliza, "Kiungo hiki chaufanyia mmea wenyewe kazi gani?" Katika maelezo haya twataka kuzilinganisha njia hizo mbili. Msomaji asidhani kuwa ni mchezo wa maneno. Mkulima asiyejua kazi ya kiungo aweza kukikata asipopaswa kukikata, na hasara yake huiona wakati wa mavuno.

Mifano yetu twaichukua Chiola, upande wa Nachingwea na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, nchi ya Wamwera, nao wakaa pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Huko hulimwa muhogo, korosho, karanga, njugu mawe, mbaazi, ufuta, mtama na mahindi. Mitatu katika mimea hiyo, yaani muhogo, mkorosho na karanga, asili yake ni Amerika ya Kusini, na kila mmoja hulidanganya jicho kwa namna yake. Katika muhogo, kiliwacho ni mzizi, na kipandwacho ni shina. Karanga huchimbwa kama mzizi, nayo ni tunda. Katika mkorosho, kile kionekanacho kuwa tunda si tunda. Basi tuvitazame viungo kimoja kimoja, tukianzia chini.

MZIZI

Kazi ya kwanza ya mzizi ni kuushika mmea ardhini. Kazi ya pili ni kunyonya maji na chumvichumvi za udongo. Hainyonyi mizizi minene ionekanayo kwa urahisi. Kazi hiyo hufanywa karibu na ncha za mizizi michanga, penye vinyweleo vyembamba mno. Ndiyo sababu mche wa mkorosho ukihamishwa pamoja na donge la udongo wake hushika upesi, lakini uking'olewa na kukung'utwa hunyauka hata ukitiwa maji mengi: midomo yake imekatika, na maji hayana pa kuingilia.

Kazi ya tatu ni kuweka akiba. Muhogo hutengeneza chakula wakati wa mvua, ukakitia katika mizizi yake michache, nayo ikanenepa. Kiazi kitamu hufanya vivyo hivyo. Lakini si kila kichimbwacho ni mzizi. Kiazi cha mviringo, kile kiitwacho kiazi cha kizungu, kina macho, na kila jicho laweza kuchipua. Basi hicho ni shina lililovimba chini ya ardhi. Tangawizi nayo ni shina lilalalo udongoni. Twajuaje? Shina lina macho yaliyokaa mahali pake kwa utaratibu, mzizi hauna. Chukua kipande cha muhogo uliwao, ukifukie: kitaoza, hakitachipua. Kifukie kipande cha mti wake, nacho kitaota.

Liko jambo la nne, nalo ni la jamii ya kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe na karanga. Ukiung'oa mkunde polepole wakati wa mvua, utaona juu ya mizizi yake vijifundo vidogo kama punje. Ukikipasua kimoja, na ndani kikiwa chekundu-chekundu, jua kwamba kazi yaendelea. Humo wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waitwao bakteria, wenye uwezo wa kuitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mmea huwalipa kwa sukari. Majani na mizizi ya mimea hiyo ikiozea shambani, sehemu ya chakula hicho hubaki katika udongo. Desturi ya kuchanganya mbaazi na mahindi katika shamba moja ni ya tangu zamani. Elimu imekuja baadaye kueleza sababu.

SHINA

Shina huyainua majani yapate jua, tena ni njia ya kupitishia vitu. Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza imo ndani ya ubao, nayo huyapandisha maji kutoka mizizini mpaka majanini. Ya pili iko nje yake, chini kidogo ya gome, nayo hukichukua chakula kilichotengenezwa na majani na kukipeleka mizizini na penginepo palipo na haja.

Mtu akiyashika hayo mawili atafahamu habari ya mizinga ya magome. Katika misitu ya miombo watu wengi hubandua gome la mti kuuzunguka wote, wakalishona liwe mzinga wa nyuki. Mti ule haufi siku ile. Majani yake hubaki mabichi, kwa kuwa njia ya maji iliyo ndani ya ubao haikuguswa. Lakini mizizi haipati chakula tena. Hula akiba yake mpaka iishe, kisha hufa, na mti wote hufa nyuma yake. Aliyeubandua amekwisha kwenda zake, akadhani mti u mzima. Mzinga wa gogo lililoanguka au wa mbao hauleti hasara hiyo. Na mganga atakaye gome kwa dawa, akitwaa ukanda mwembamba wa upande mmoja, mti utaishi na kumpa tena mwaka mwingine. Mbuyu hustahimili kubanduliwa sana, maana huota gome jipya. Wala mtu asiufanye mbuyu kuwa kanuni ya miti mingine.

Kwa muhogo, shina ndilo mbegu ya mkulima. Juu ya kila kifundo, palipokuwa na jani, pana jicho. Ukikata kipande chenye macho kadhaa na kukitia ardhini, macho ya juu huchipua, na upande wa chini hutoa mizizi. Kipande hukumbuka juu yake na chini yake. Kikipandwa kichwa chini huchelewa na kuhangaika.

Hapo pana faida na hatari pamoja. Mmea utokao katika kipande ni mwili uleule wa mmea wa kwanza: ukiwa mtamu, nao utakuwa mtamu, ukiwa na ugonjwa, nao utakuwa nao. Magonjwa mawili makubwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini huenezwa pia na mkono wa mkulima apandapo vipande vilivyougua. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara. Una hila ndani yake: shina na majani yaweza kuonekana mazima kwa mtu asiyetazama sana, na huku mizizi imekwisha kuwa na mabaka makavu ya kahawia yasiyolika. Basi achaguaye mbegu asitazame unene wa mti tu. Na autazame kwanza mzizi wa shina lile alitakalo, ndipo akate.

JANI

Watu wengi hudhani kuwa mmea hula udongo. Mtaalamu mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alilipima jambo hilo. Alipanda mche wa ratili 5 katika udongo mkavu wa ratili 200, akawa akiumwagia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ule ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha ya kuwa viungo vibichi vya mmea hufanya kazi yake kwa nguvu ya mwangaza.

Leo twajua hivi. Jani lina vitundu vidogo sana, na kwa hivyo hewa ya ukaa huingia. Maji huja kutoka mizizini. Rangi ya kijani huikamata nguvu ya jua, na kwa nguvu hiyo maji na hewa ile hugeuzwa kuwa sukari, na hewa safi ya oksijeni hutoka nje. Jani basi ni jiko la mmea. Wanga wa muhogo, mafuta ya ufuta na utamu wa embe, vyote vilianzia jikoni humo.

Kwa hiyo mama achumaye kisamvu afanya vema kuchuma kwa kiasi. Akiuvua mti majani yake yote mara kwa mara, azima moto katika jiko linalopika ugali wake wa mwaka ujao: mizizi itabaki myembamba. Tena vitundu vile vya jani hupoteza maji. Ndiyo maana miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na majani mapya, mengi yao mekundu, hutoka kabla mvua haijanyesha.

SUMU YA MUHOGO

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana jambo hili ni la uzima. Mizizi na majani ya muhogo yana kitu ambacho chenyewe kimekaa kimya. Katika vyumba vingine vya mwili wa mmea huo mna kitu cha pili. Mdudu au mnyama akiutafuna mmea, kuta za vyumba hubomoka, vitu viwili hukutana, na sumu ya sianidi hutoka. Ni ngao ya mmea, na muhogo mchungu unayo nyingi.

Mapishi ya wazee yote yamejengwa juu ya jambo hilo: kuloweka, kuvundika, kutwanga, kuanika. Kila njia huvunja kuta, kisha huipa sumu nafasi ya kutoka. Kisamvu hutwangwa sana kisha huchemshwa, na hivyo husalimika. Hatari huja mtu akifupisha kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Mkoa wa Mtwara ulio jirani, palitokea ugonjwa wa konzo, upoozao miguu ghafula na usiopona. Huwapata watu, hasa watoto na wanawake, walao kwa majuma mengi unga wa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, bila mboga zenye nguvu kama kunde, samaki au nyama. Wataalamu walifundisha njia nyepesi ya kuongeza juu ya zile za zamani: unga huloweshwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa saa 5, ndipo ukasongwa ugali siku ileile. Mtu akiijua kazi ya kuta zile hataona upuzi kungoja saa 2.

UA

Ua ni kiungo cha uzazi. Lina upande wa kiume, utoao unga uitwao chavua, na upande wa kike, wenye kifuko cha mbegu changa. Chavua ikiufikia upande wa kike, tunda huanza.

Mimea haina desturi moja. Mhindi hutoa chavua kwa shada lililo kileleni, na upande wake wa kike ni ule wenye ndevu. Kila unywele wa ndevu zile ni njia ya punje moja. Usiopata chavua, punje yake haitokei, na gunzi huwa na mapengo. Kuna mipapai iliyo dume na iliyo jike, na wakulima waliyajua hayo bila kitabu. Unguja na Pemba tumba la ua ndilo mali yenyewe: karafuu huchumwa kabla haijafunuka, na kikonyo chake, kiitwacho konyo, hukamuliwa mafuta.

Mkorosho hutoa mashada yenye maua ya kiume mengi, na kati yake maua machache yenye pande zote mbili. Haya machache ndiyo yawezayo kuzaa. Wakati huo huja ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe ushikao maua na machipukizi. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa kusini wamekuwa wakiupiga kwa unga wa salfa. Salfa huzuia, haifufui. Ua lililokwisha kukauka halirudi. Basi anayengoja mpaka mkorosho wote uwe mweupe amechelewa.

TUNDA

Tunda ni kile kifuko cha ua kilichokua, nacho huzilinda mbegu na kuzisafirisha. Sasa tuitazame karanga.

Ua la karanga ni la manjano. Hufunuka asubuhi, na kwa kawaida hunyauka siku ileile. Baada ya hapo kitokee kitu cha ajabu: kutoka mahali pa ua huota kijiti chembamba, chenye kifuko cha mbegu nchani, nacho huelekea chini mpaka kiingie udongoni. Humo gizani ncha huvimba, ikawa ganda lenye karanga. Kijiti kisipofika ardhini hukauka bila kuzaa. Tena ganda hilo hulinyonya lenyewe kutoka udongoni lile fungu la kalisiamu, kitu kilichomo katika chokaa, bila kungoja mizizi. Kalisiamu ikikosekana pale lilipo, maganda hutoka matupu.

Mtu akifahamu hayo, kazi yake shambani hubadilika. Palizi hufanywa mapema, na udongo hulegezwa kuzunguka shina. Vijiti vikiisha kuingia, jembe halitiwi tena karibu, maana kila kijiti kikatwacho ni tunda lililopotea.

Nachingwea yenyewe yakumbuka karanga kwa sababu nyingine. Baada ya vita, Waingereza waliazimia kulima karanga katika Tanganyika juu ya mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga bandari ya Mtwara na njia ya reli. Kazi ilianza mwaka 1947, na mwezi wa Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuiacha, baada ya kupotea paundi milioni 36 na zaidi. Sababu zilikuwa nyingi: ukame, mitambo isiyofaa, haraka, na visiki vigumu. Lakini moja yahusu maelezo yetu. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali. Mmea utakao udongo mwepesi wa kuingiza vijiti vyake na wa kuchimbuliwa matunda yake ulipelekwa mahali ambapo udongo hufunga mlango.

Mkorosho nao una fumbo lake. Mtoto akiulizwa tunda lake ni lipi, ataonyesha bibo, lile jekundu au la manjano lenye maji. Kumbe bibo ni kikonyo kilichovimba. Tunda la kweli ni korosho yenyewe iliyo nchani, pamoja na ganda lake lenye mafuta yachomayo. Mtu aweza kuliona jambo hili kwa macho: korosho hukua kwanza ikafikia ukubwa wake, na kikonyo huvimba baadaye. Bibo ni chambo cha kuwaita wanyama wasafirishe. Ganda lichomalo ni kufuli la mbegu.

MBEGU

Katika mbegu yumo mtoto na chakula chake. Igawe karanga mbichi: vipande viwili ni chakula, na kile kincha kidogo kilicho kati ni mche. Mbegu ya mahindi ina chakula cha namna nyingine, lakini kazi ni ileile.

Muhogo nao una mbegu za kweli, zilizomo katika vitunda vidogo ambavyo wakulima wengi hawavijali, kwa kuwa watoto wa mbegu hawafanani na mzazi wao. Hiyo isiyomfaa mkulima ilimfaa mtaalamu. Katika miaka ya 1930 na 1940 Storey na R. F. W. Nichols, pale Amani, walilichukua ua la muhogo wakalizalisha na mpira wa Ceara, ndugu yake ambaye majani yake huliwa kama kisamvu. Katika wajukuu wake walitafuta wenye kuvumilia magonjwa. Damu ya uzao huo imo katika aina nyingi za muhogo zilizotolewa baadaye Afrika.

MANENO NA VIUNGO

Tukirudi kwenye lugha, twaona kwamba Kiswahili hakikudanganywa kama tulivyodhani. Hakikuiita karanga kiazi, ijapokuwa vyote huchimbwa. Zamani kiliiita njugu nyasa, kikaiweka pamoja na njugu mawe, nayo yaizaa mbegu yake chini vivyo hivyo. Hakikuliita bibo korosho, bali kimeyatenga majina matatu: mkorosho, korosho, bibo. Na muhogo, ambao mti wake na mzizi wake vina jina moja, umepewa maneno mengine palipo kazi nyingine: kisamvu kwa majani, makopa kwa vipande vilivyokaushwa. Walioyaweka majina hayo walikuwa wametazama vizuri.

Lugha za Chiola na jirani zake, Kimwera, Kimakua, Kiyao na Kimakonde, nazo zina majina yao ya viungo, ya miti ya porini hasa, na wengi wayajuao ni wazee. Twawasihi walimu na wanafunzi wa huko wayaandike, kila jina pamoja na kiungo chenyewe na kazi yake, kabla ya wenye kuyajua kuondoka. Jina bila kiungo mkononi ni sauti tu. Basi mwandishi na aende shambani pamoja na mzee, amwombe amwonyeshe kwa kidole, ndipo aandike.